Ufagio Katika Nyumba ya Matanga

Pasipoti ya Rebecca ilipotea asubuhi ya siku ileile ruhusa yake ilipokuwa inaisha. Alikuwa amevuka ziwa kutoka Kigoma bila viza, kwa muda mfupi wanaopewa watalii, aje kumlilia baba yake nyumbani kwa bibi yake, Syntiche, mjini Kalemie, Kongo. Matanga yangefungwa Jumamosi. Akiongezewa siku, angekuwepo. Asipoongezewa, angepanda boti jioni. Na sasa mkoba wake, uliotundikwa kando ya dirisha, ulikuwa mtupu.

Jirani yao, Inspekta Laure, alikuja hata chai hajamaliza. Udadisi ulikuwa ugonjwa wake, na dawa hakuitaka. Alisimama uani akitazama chini. Katika nyumba ya matanga hakuna anayefagia mpaka kilio kiishe, kwa hiyo vumbi lilijaa majani, nyayo za sandali na vishimo vya mkongojo wa Bibi Syntiche. Lakini kutoka dirishani hadi jikoni palikuwa na njia iliyofagiwa safi.

"Nani alifagia?" Laure aliuliza.

Akaanza na Gauthier, baba mdogo wa Rebecca, ambaye tangu juzi alikuwa akinung'unikia urithi.

"Papa Gauthier, huyu mutoto akirudi Kigoma, wewe njo utafurahi."

"Nifurahi nini? Nyumba ni ya mama. Mi nilikuwa ku bandari, kupokea mihogo ya matanga. Njo ile pale," akaonyesha magunia mlangoni.

Zamu ya Toussaint, mpangaji. "Na wewe? Jana ulimuomba Rebecca pasipoti, eti umupelekee ku biro ya uhamiaji."

"Akakatala. Sasa niibe kitu yenye niliomba mbele ya watu? Nilitaka tu kumusaidia, Mama Inspekta." Akamtupia Rebecca jicho, akaona haya, na Laure akatambua msaada huo ulikuwa wa namna gani.

Akaangalia miguu yao. Wote wawili walivaa sandali za plastiki, kama nusu ya mtaa. Akacheka kidogo.

"Sandali haimutaji muntu hapa. Ninyi mungepita tu na kuenda. Mwenye kufagia aliogopa alama yenye kila muntu anaijua." Akageukia kiti cha jikoni alichokalia Bibi, sauti ikapungua ukali. "Mama Syntiche, mukongojo yako imepita uwanja yote. Ni mu njia hii tu haiko."

Bibi akafungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa pasipoti.

"Baba yake alinionyesha kitabu kama hii. Akasema anaenda Kigoma wiki mbili. Sikumuona tena. Nikawaza, wakisoma kama siku zimeisha, watamupakia ku boti. Wasipoiona, watajua namna gani?"

"Mama! Na ukafagia mu kilio ya mutoto wako?" Gauthier alishtuka.

"Ule amekwisha kuenda. Huyu iko hapa."

Rebecca alilia waziwazi, akapiga magoti. "Bibi, bila hiyo ndiyo watanirudisha leo. Nikiwa nayo nitaomba siku, tumalize kilio pamoja."

Bibi alifikiri sana. Hakuirudisha. Aliifunga tena kiunoni, akachukua mkongojo. "Basi tuende. Nitaishika miye."

Ofisini, afisa alipoiomba pasipoti, Bibi alimuuliza kwanza kama ataapa kuirudisha. Afisa akaapa, akaona sababu ya matanga ni ya haki, akagonga muhuri. Rebecca akanyoosha mkono kuipokea.

Bibi alikuwa ameshaitia kiunoni.