Kisahani Kisichotakiwa Kutiwa Dawa

Kila asubuhi ya likizo Chiriku alifuatana na shangazi yake kazini. Watoto wa jirani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa mtafiti wa samaki katika maabara ndogo iliyojaa matangi ya vioo. Chiriku alisuuza vyombo na kuuliza maswali yasiyokwisha.

Siku hiyo shangazi alimwonyesha visahani viwili vya mayai ya samaki, madogo kuliko punje za mtama.

"Seli za juu za mayai haya bado zinafanana," alisema. "Jeni zinatuma ujumbe. Seli inayoupata kwa wingi inakuwa ngozi, inayozuiwa isiupate inakuwa neva. Dawa hii inazuia ujumbe. Tia tone moja hapa. Hiki kingine usikiguse! Nashuku mama wa mayai ya kisahani hiki alikuwa na jeni mbovu, kwa hiyo ndani yake ujumbe haupiti hata bila dawa. Amekufa leo, mwanangu. Haya ndiyo mayai yake ya mwisho."

Shangazi akatoka kufuata maji safi. Chiriku, akiimba, akatia tone kwenye kisahani cha kwanza, na mkono ukapitiliza ukatia na cha pili. Alipogundua kosa, akaiweka dawa chini upesi.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, shangazi."

"Hujakosea?"

"Hata kidogo."

Mtoto wa kuongea mchana kutwa akawa bubu mpaka jioni.

Kesho yake shangazi alichungulia kwenye hadubini, akaruka kama mtoto.

"Njoo uone! Hata mayai yasiyotiwa dawa ni neva tupu, ngozi haba! Miaka yote hii nilikuwa sahihi!"

Akachukua simu ampigie mkuu wake. Chiriku hakuwahi kumwona shangazi amefurahi hivyo, na alijua kwamba akinyamaza tu, furaha ile itabaki. Machozi yakamlenga.

"Usipige, shangazi. Nayo niliyatia dawa."

Shangazi alicheka, akidhani ni utani. Kisha akamtazama usoni, akaketi.

"Ungesema palepale, ningewahi kubadili maji," alisema polepole. "Seli zilikuwa hazijaamua. Sasa zimeshakuwa neva, hazirudi kuwa ngozi."

"Tutafute samaki mwingine kama yule."

"Hayupo. Nimemtafuta ujana wangu wote. Sasa sitajua kamwe."

Chiriku akapiga magoti, akaomba radhi. Shangazi akamwinua.

"Nimekusamehe. Leo umenizuia nisitangaze uongo, na hilo ni jema. Lakini shika hili, mwanangu: ukweli una wakati wake. Ukiusema mapema unaokoa kitu. Ukiuchelewesha, unabaki kuwa ukweli tu, na maji yaliyomwagika hayazoleki."

Akavichukua visahani vyote viwili, akavimwaga. Chiriku akalia kwa kwikwi, na shangazi hakumwambia anyamaze.