Swali la Nne

"Swali la nne umelitunga wewe?"

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ofisini shuleni, kalamu nyekundu mkononi. Alidhani mchumba wake anatania.

"La nne lipi tena, mpenzi?"

"La ushairi," alisema Fundi kwenye simu. "'Soma shairi lifuatalo, kisha uthibitishe kuwa ni guni, yaani limekosa vina na mizani.' Mdogo wangu kaja na karatasi yake nyumbani. Kapata kumi kwa kumi, anarukaruka sebuleni, anataka nimsomee mama kwa sauti."

Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Ukasoma?"

"Nikasoma. Mstari wa kwanza tu nikakuta chaki kwenye vidole."

Jamani! Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze, kiti na madaftari yake yote.

Shairi lile Fundi alimtumia kwa simu miezi miwili nyuma:

*Ulikuja na chaki kwenye vidole, ukasema unataka dirisha,*
*Nilipima mara tatu, na bado nikasahau vipimo.*

Siku ile alilisoma akalia kwa furaha. Halafu ikaja zamu yake ya kutunga mtihani. Alitaka shairi lenye makosa, na yale ya vitabuni wanafunzi wameshayakariri. Akafungua simu, akanakili, akafuta jina la mtu wake. Kwamba mdogo wake Fundi yumo darasani alijua. Kwamba karatasi hurudi nyumbani, wala hakuliwaza.

"Nisamehe, Fundi. Nilihitaji mfano tu."

"Mfano wa makosa."

"Siyo hivyo..."

"Makosa nayajua, Ticha. Ulinifundisha mwenyewe kuhesabu mizani, nane huku nane huku, nikashindwa. Hilo haliniumi. Ni hoja ya tano kwenye jibu la mdogo wangu. Kaandika, 'Mtunzi anaonekana hakusoma.' Umeweka tiki."

Mwalimu aliisukuma kalamu nyekundu mbali naye.

"Wenzako hawakuuliza nani katunga?"

Hapo angeweza kudanganya. Ulimi ulimwasha kabisa.

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nilisema nimeliokota mtandaoni. Wakacheka. Na mimi nikacheka."

"Sawa," alisema Fundi, simu ikakatwa.

Jumamosi ile Fundi alikuwa aje na wazee wake kwao Mwalimu kuleta posa. Jioni ukaingia ujumbe: "Nimewaambia wazee wasubiri kwanza. Sijui niwalete kwa mtu aliyeniokota."

Mwalimu aliusoma akiwa jikoni, akasahau maji ya chai mpaka yakakauka.

Asubuhi alisimama katikati ya ofisi ya walimu.

"Samahani wenzangu. Lile shairi la swali la nne..."

"Lile la dirisha?" Mwalimu wa Historia alidakia, maana huyo mama kwa kudakia hajambo. "Weee, usinikumbushe, mbavu zangu!"

"Aliniandikia mchumba wangu. Ni fundi wa madirisha ya alumini. Sikuliokota popote. Niliona haya kumtaja mbele yenu."

Mama wa Historia akaweka kikombe chini.

"Mungu wangu! Na sisi tulivyocheka!"

"Mlicheka kwa sababu mimi ndiye nilianza," alisema, akaomba ruhusa, akatoka.

Karakana ya Fundi ilikuwa inapiga kelele za msumeno. Mafundi walipomwona wakazima.

"Shemeji, karibu!" alisema mmoja, kisha akauona uso wake, akawaashiria wenzake watoke.

Fundi alibaki na futi yake ya kupimia mkononi.

"Nimewaambia," alisema Mwalimu. "Ofisi nzima."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba ni lako. Na kwamba nilikuonea haya."

"Kwa nini, Ticha? Niambie mimi, siyo wao."

"Kwa sababu nina digrii, na wewe unakata madirisha. Niliogopa watasema nimekosa mwanamume." Aliyasema akitazama sakafu. "Ndiyo ukweli, na unanitia aibu kuliko ile tiki."

Fundi aliizungushazungusha futi.

"Wazee watakuja Jumamosi," alisema hatimaye.

Machozi yakamtoka Mwalimu.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Nakupenda, na nitakuoa. Ila shairi usilitarajie tena kwangu."

"Hata lisilo na vina? Mimi silijali hilo, Fundi, naapa."

"Hata hilo. Jana nilijaribu. Nikishika kalamu naiona karatasi ya mdogo wangu."

Mwalimu akafuta machozi kwa kiganja.

Posa ikaja, ndoa ikafungwa. Na hakuna anayeweza kumsema vibaya Fundi. Mlango ukilia kidogo anautengeneza siku hiyohiyo. Mkewe akiugua, halali usingizi. Mama wa Historia siku hizi humwonea wivu waziwazi.

Ila kila siku kwenye simu ya Mwalimu huingia ujumbe wa Fundi saa ya mapumziko. Yeye huuwahi mbio, akaenda nao pembeni, dirishani.

"Rudi na mkate. Mkubwa."

Huusoma mara mbili, taratibu, mpaka mwisho. Kisha anajibu, "Sawa, mume wangu," anarudi darasani kufundisha ushairi.