Boti Sebuleni kwa Arthur

Boti ya mpira ilikuwa haijagusa mto hata siku moja, lakini mchana ule ndani yake mlikuwa na majimaji, na sebule nzima ya Arthur pale mjini Bwera ilinuka tope.

"Jasho la mpira hilo," Arthur alisema. Mtu aliyezunguka dunia hakosi jibu. Jaketi la kuokolea lilikuwa limekibana kitambi chake hata akapumua kama mbuzi aliyekabwa, lakini alisimama sakafuni, nyuma ya boti, kama jemadari. Jumamosi wangeshuka mto Lhubiriha, pale maji yanapochemka juu ya mawe, naye ndiye kapteni. Si alishateremka mto wa korongoni, jangwani huko ng'ambo? Ndivyo alivyowaambia.

Ajok, polisi wa mpakani asiyejua kuogelea, aliketi mbele ameshika kafi. "Rudia amri, afande."

"Jiwe likiwa jirani nitasema 'Karibu!' Wewe unapiga kafi kurudi nyuma. Haya. Karibu!"

Kitu kikachuruzika ndani ya boti.

"Karibu! Karibu!"

"Nyamaza!" Vasta, mke wa Arthur, alisimama mlangoni. "Baba Ronah, unakaribisha nani? Kitu ya mtoni haiingiagi bila kuitwa."

Ajok alitaka kuinuka. Miguu ikakataa.

"Afande," akanong'ona, "iko mtu ameshika mimi."

Na maji yakapanda ndani ya boti, yenye baridi ya theluji ya mlimani, yakapita vifundo vya miguu ya Ajok, yakapita magoti, bila tone kumwagika nje, na chini yake kitu kikavuta pumzi, polepole, kama kinachoonja hewa ya nyumba ya watu kabla ya kuamua kukaa.

"Sema hukuwa na haki ya kuikaribisha," Vasta alinong'ona. "Sema wewe si kapteni. Sema!"

Arthur alimtazama Ajok. Maji yalishamfika kifuani, na bado aibu ilimziba Arthur mdomo kuliko woga.

"Sijawahi kupiga kafi," akasema mwishowe. "Kule jangwani nilikaa juu ukingoni. Nalinda viatu vya wenzangu. Nakula mayai."

Ajok hakukasirika. Alimhurumia, na hilo likamchoma Arthur zaidi. Maji yakaanza kushuka. Ajok akatoa mguu mmoja nje.

"Kumbe kapteni hakuna," ikasema sauti kutoka majini, kwa adabu ya mgeni aliyefurahi.

Kiti cha nyuma, cha kapteni, kikabonyea taratibu, kana kwamba mtu mzito anakaa vizuri.

Mguu wa pili wa Ajok ulikuwa bado ndani.