Kiti cha Bibi Kinapita

Kila asubuhi bibi hutolewa nje kabla ya chai. Mwanawe, ambaye ni seremala, humnyanyua kutoka kitandani. Mkamwana huweka mto laini kwenye kiti. Mjukuu, binti wa nyumba hiyo, humfunika miguu kwa shuka. Basi bibi anakaa mlangoni, na mtaa mzima unampitia.

Miguu yake haina nguvu tena. Nguvu zote zimehamia mdomoni.

"Shikamoo, bibi!" aliita jirani mmoja asubuhi hiyo. Ni kijana anayechomelea mageti na madirisha. Watu humwita Cheche.

"Marahaba, mume wangu. Jana hukuja kunisalimia. Umeoa nini?"

"Nimuoe nani, bibi, na wewe upo?"

Binti alicheka, akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa mtu wa haya. Aliacha shule ya msingi kabla ya kumaliza, ili amtunze bibi. Nyumbani aliongea vizuri tu. Mbele ya watu wengi, sauti ilimkimbia.

Nyumba yao iko kwenye kichochoro chembamba. Chini ya kichochoro kuna mto. Mwaka uliopita mto huo ulijaa ghafla. Jambo la ajabu, siku hiyo jua lilikuwa kali na nguo zilikuwa zimeanikwa. Maji yaliingia ndani mpaka kiunoni. Yalibeba mbao za seremala. Bibi alipandishwa juu ya meza, akakaa hapo mpaka maji yalipopungua. Tangu siku hiyo, seremala hakupenda kuitazama meza ile. Alijua kwamba maji yangeongezeka kidogo tu, asingekuwa na mama.

Ndiyo maana afisa wa maafa alipokuja kutoka mkoani, seremala alimpa benchi lake bora akalie. Afisa huyo alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya tope. Watu walikusanyika mbele ya karakana ya seremala.

"Mvua iliyowajazia mto haikunyesha hapa," alisema. "Ilinyesha milimani. Maji huchukua muda kuteremka. Muda huo ndio wa kuokoa watu. Mwaka jana muda huo ulipita bure, kwa sababu hakuna aliyewaambia."

"Sasa nani atatuambia?" aliuliza seremala.

"Kata zote za mto huu zimekaa pamoja mkoani na kupanga, za juu na za chini. Kule juu, darajani, kuna nguzo yenye alama. Maji yakigusa alama nyekundu, mlinzi wa daraja anapiga simu mkoani. Mkoa unapigia kata. Kata inampigia Cheche."

"Mimi?" Cheche alishtuka.

"Wewe una rimu ya gari na nyundo. Nasikia pia mtaa mzima unalalamikia kelele zako."

"Leo zimepata kazi ya maana!" alisema bibi, na watu wakaangua kicheko.

Walikubaliana hivi. Rimu ikigongwa polepole, watu wajiandae. Ikigongwa haraka haraka, watu waondoke na kupanda shuleni, kule kilimani. Wasipite kwenye maji yanayotembea, hata kama yanaonekana madogo. Wazime umeme kwenye swichi kubwa kabla ya kutoka. Na kila nyumba iwe na begi tayari: dawa, tochi, maji ya kunywa, na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mkoa umepanga, lakini mkoa haujui kona za mtaa wenu," alisema afisa. "Lazima tujaribu."

Siku ya zoezi, Cheche aligonga rimu kama amepandwa na wazimu. Watu walikimbia. Seremala alibeba begi. Mkewe alizima umeme na kufunga mlango wa nyuma. Binti alibeba maji. Walipanda kilima huku wakihema, na wakawa wa kwanza kufika shuleni. Seremala alijifuta jasho na kutabasamu kama aliyeshinda mbio.

"Hongereni," alisema afisa. "Wote mpo?"

"Wote!"

Binti alimvuta mama yake nguo. "Mama," alinong'ona. "Bibi yuko wapi?"

Mama alimgeukia mumewe. "Si umembeba wewe?"

"Mimi nilibeba begi! Nilijua yuko na wewe."

"Mimi nilijua Cheche amempitia."

Cheche aliishusha nyundo taratibu. "Mimi nilikuwa nagonga rimu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Walishuka kilima kwa mbio zaidi kuliko walivyokipanda. Bibi alikuwa palepale mlangoni, ameegemeza kidevu kwenye kiganja.

"Mmesharudi?" aliuliza. "Mazishi yangu yalikwendaje? Watu walikuwa wengi?"

Seremala alipiga magoti mbele yake.  Bibi alimshika kichwa, kama alivyomshika alipokuwa mtoto.

Afisa alifika nyuma yao. Hakuwagombeza.

"Hili hutokea kwa watu wanaopendwa sana," alisema. "Kila siku mnamhudumia ninyi watatu. Kwa hiyo kila mmoja aliamini mwenzake amemchukua. Katika maafa, haitoshi kusema tutamsaidia. Semeni nani. Nani anashika huku, nani anashika kule. Na mmoja wao akiwa safarini, nani anachukua nafasi yake."

"Nitambeba mgongoni," alisema seremala.

"Mmemuuliza mwenyewe?"

Wote walimtazama bibi.

"Mgongoni sipandi," alisema. "Mimi si gunia. Na machela siitaki, maana wanaolazwa wakabebwa ni maiti. Nitakwenda nimekaa, na nitakwenda nikitazama mbele."

Seremala alikitazama kiti cha mama yake. Alikitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Jioni hiyohiyo alichonga miti miwili mirefu, akaipigilia kila upande wa kiti. Sasa watu wawili wangeweza kukibeba, mmoja mbele na mwingine nyuma.

Kesho yake walijaribu. Seremala alishika mbele, Cheche nyuma. Walikwenda vizuri mpaka kwenye kona ya bomba la maji. Hapo miti ilikwama. Mbele ukuta, nyuma ukuta.

"Fundi gani huyu!" alisema bibi kutoka juu. "Umetengeneza kiti, hukupima kona!"

"Nyamaza kidogo, mama."

"Ninyamaze nini, na mmeniegesha hapa kama mkokoteni?"

Seremala aliona haya, kisha akacheka. Alipima kona kwa futi yake. Akafupisha miti. Cheche akatengeneza pete za chuma, akazifunga kwenye kiti, ili miti iingie na kutoka kwa urahisi. Siku za kawaida kiti kilibaki kiti. Siku ya hatari, miti inaingia, safari inaanza.

Jambo moja lilibaki. Kichochoro ni chembamba. Lazima mtu atangulie na kuwaambia watu wapishe.

"Mjukuu wangu atatangulia," alisema bibi.

Binti alitikisa kichwa. "Bibi, mimi sauti sina."

"Unayo. Unaogopa watu tu. Basi usiwatazame watu. Tazama ukuta, uuambie ukuta."

Walifanya mazoezi kila wiki. Mwanzoni binti alinong'ona tu. "Hata ukuta haujasikia," bibi alimtania.

Kisha siku yenyewe ikafika. Jua lilikuwa linawaka. Mama yake binti alikuwa anaanika nguo. Seremala alikuwa anapiga msasa kabati la mteja, amebakiza milango tu. Mara rimu ikalia. Polepole kwanza. Mama aliacha nguo, akachukua begi. Binti akaingiza miti kwenye pete. Halafu rimu ikaanza kulia haraka haraka.

Seremala alisimama, mkono juu ya kabati. "Nilipandishe kwanza mezani," alisema. "Dakika moja tu."

"Mwanangu," aliita bibi, "kabati utatengeneza jingine. Mama utachonga?"

Seremala aliacha msasa. Cheche alimwachia jirani mmoja nyundo, kama walivyopanga, akaja mbio. Wakanyanyua.

Kwenye kona ya bomba walikuta njia imezibwa. Watu wawili walikuwa wanavutana na godoro, na wengine wamekwama nyuma yao. Nyuma ya bibi, maji yalikuwa yameanza kuingia kichochoroni. Binti aliutazama ukuta. Kisha akaacha kuutazama. Akawatazama watu machoni.

"Pisheni!" alipaza sauti. "Wekeni godoro chini! Kiti cha bibi kinapita!"

Watu walishtuka. Hawakuwahi kumsikia binti huyu. Godoro likaanguka, watu wakajibana ukutani, kiti kikapita. Na wote wakafuata nyuma yake, maana sasa walikuwa na mtu wa kufuata.

Shuleni, kila nyumba iliulizwa, na kila nyumba ikajibu kwa kutaja watu wake mmoja mmoja. Hakukosekana hata mtu mmoja.

Mtaani, maji yalipanda zaidi kuliko mwaka uliopita. Kabati liliharibika. Meza ile ilisombwa na haikuonekana tena.

Baada ya mafuriko, afisa alirudi. Aliomba mtaa huu uwafundishe wengine. Sasa katika mpango wa mkoa, kila kata ya mto inauliza swali hili kabla ya mvua: nani anamchukua nani? Seremala na Cheche wanatengeneza viti vya kubebea kwa kata nyingine. Binti ndiye anayeonyesha jinsi ya kuvitumia. Bado haongei kwa sauti kubwa mikutanoni. Ila akianza kuongea, watu hunyamaza ili wamsikie.

Nyumba imepakwa rangi upya, isipokuwa sehemu moja kando ya mlango. Hapo maji yaliacha mstari wa tope. Bibi alikataa ufutwe. Akikaa kwenye kiti chake, mstari huo uko juu ya kichwa chake.

Wageni humuuliza ni wa nini. Bibi huinua mkono mpaka kwenye mstari.

"Maji yalifika hapa," huwaambia. "Yalikuta nimeshaondoka."