Talaka ya Sultani Jaribu

— Othman, sogea n'kwambie. Mie sina pepo.

Othman aliacha kupuliza kahawa.

— Huna pepo, Zuweina? Na miaka thelathini Tibirinzi nzima yakwita Malkia, mke wa Sultani Jaribu wa majinini?

— Uongo wangu. Weye uliponiacha na posa yako ukakimbilia Tanga, baba akataka kuniozesha Mbaruk, kibogoyo yule. Nikajiangusha ukumbini, nikakoroma: "Huyu mke wangu!" Mbaruk alitoka mbio, kanzu mkononi.

Othman alicheka mpaka akapaliwa.

— Sasa tumeshazeeka, mie nakutaka. Kizuizi n'ni?

— Mke wa mtu haolewi. Wenyewe wa kilinge cha pepo hawatakubali.

— Basi na akuache huyo pepo.

— Ndiyo maana n'kakwita. Ijumaa, baada ya sala, nitajitia kupandisha pepo mbele yao, nijipe talaka tatu kwa sauti yake. Weye usicheke tu.

Mwaka ule wa sitini na moja watu wa vyama, Hizbu na Afro, walikuwa hawaombani hata moto, lakini kwa Malkia wote walivua viatu. Ijumaa ukumbi ulijaa, Othman naye kati yao. Bi Zuweina kitini, kilemba chekundu kichwani. Waziri wake, Bi Mize, kashika chetezo. Kadhi wa kilinge, Bi Time, kakaa kuliani na uso wa hukumu.

— Bwana wetu Sultani, alisema Bi Mize, binadamu huyu Othman anamtaka mkeo. Wasemaje?

Zuweina akafumba macho. Akakoroma, kama alivyokoroma miaka yote. Akafungua kinywa aseme "nimemwacha."

— Simwachi.

Sauti nene. Hakuijua. Akajaribu tena.

— Miaka thelathini ananiita. Leo nimekuja, ndiyo anifukuze?

Chetezo kikamponyoka Bi Mize.

Tabasamu lilimkauka Othman.

— Kumbe ulikuwa wanivizia, Zuweina. Nilikuaibisha mbele ya watu, nawe umenirudishia mbele ya watu. Haya. Tumelipana.

*Si mie, Othman.* Alitaka kuyasema hayo tu, maneno matatu. Ulimi haukumtii. Akamwona mzee wa watu anatafuta viatu vyake, anainama mlangoni, anatoka juani bila kugeuka.

Machozi yalimshuka. Hayo yalikuwa yake bado.

Kinywa kikacheka.

— Leteni kahawa, kikasema. Vikombe viwili. Changu na cha mke wangu.