Siku Tatu Katika Daftari la Stempu

Jumamosi, tarehe 8 Februari, saa mbili kasoro robo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya bati la karakana na upepo ulikuwa umetulia. Baba, fundi seremala, alikuwa akipiga randa ubao wa kitanda. Mama alikuwa akipiga pasi sare za shule alizozishona wiki nzima, na Kaka alikuwa akifagia maranda. Babu aliketi kwenye kigoda kando ya mlango. Miguuni pake, mbwa wake alikuwa akijikuna.

Mbwa huyo aliitwa Stempu, kwa sababu ya doa jeupe la mraba kwenye paji la uso wake. Jina alipewa na Babu, ambaye alifanya kazi posta kwa miaka thelathini na minne, akipanga barua katika masanduku ya wateja. Babu alikuwa amestaafu zamani, lakini hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kubishana naye juu ya jambo lililohitaji kukumbukwa. Mtu akisema harusi fulani ilikuwa Ijumaa, Babu akasema ilikuwa Alhamisi, basi ilikuwa Alhamisi.

Kitinda mimba wa nyumba hiyo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

"Chiriku," Baba alisema bila kuinua macho, "huyu mbwa amejikuna mara ngapi tangu nianze ubao huu?"

"Nilifika sitini, Baba, nikaacha. Halafu analamba vidole, halafu anajisugua mlangoni, halafu masikio yake yamekuwa mekundu, halafu—"

"Nimekuuliza hesabu, mwanangu. Taarifa ya habari tutaisikiliza redioni."

Kaka alicheka. Mama hakucheka. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwogesha Stempu kwa sabuni ya unga ya kufulia, akidhani anamsaidia, na ngozi ya tumbo la mbwa ilikuwa imechubuka. Kaka naye alileta kopo la oili chafu kutoka gereji ili wampake. Babu aliizuia oili hiyo kwa fimbo yake ya kutembelea, akasema, "Mbwa wangu hana injini."

Baba aliweka randa chini. "Mzee, nyumba hii haijalala mwezi mzima. Mlinzi wa machimbo ya kokoto anatafuta mbwa. Leo tunakwenda kwa daktari. Daktari akishindwa, Stempu ataenda machimboni."

Babu alitembea na mbwa yule kila alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe, na hakuwa na rafiki mwingine wa rika lake aliyekuwa bado hai. Alimshika Stempu kichwani, akasimama.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mwenye kucha fupi na maneno machache. Alimchana Stempu kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, akakung'uta uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa.

"Njoo uone," alimwambia Chiriku. "Vidoa hivi vikigeuka vyekundu, ni kinyesi cha viroboto, kwa kuwa kiroboto hunywa damu. Vikibaki vyeusi, ni vumbi."

Vilibaki vyeusi. Kisha Daktari alikwangua ngozi kidogo, akatazama kwa hadubini, asione wadudu wa utitiri.

"Basi nashuku mzio," alisema. "Kuna kitu ambacho mwili wake unakikataa. Huenda ni kitu anachokula. Amezoea kula nini?"

"Makombo yetu," Baba alijibu. "Nyama, kuku, maziwa. Na Mzee humpenyezea tonge chini ya meza."

"Samaki je?"

"Hajawahi kuonja."

"Vizuri. Kwa wiki nane atakula samaki aliyechemshwa bila chumvi na viazi vitamu. Hivyo tu. Hata mfupa usidondoke. Mara moja kwa wiki aogeshwe kwa shampuu hii ya mbwa na maji ya baridi. Povu likae dakika kumi, kisha asuuzwe mpaka maji yatoke safi. Matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto. Akitoka kwenye majani, apanguswe miguu. Na msimpe dawa ya binadamu, hata nusu kidonge." Akamgeukia Babu. "Samahani, Mzee. Nasikia mkono wako ni mwepesi chini ya meza."

"Ulikuwa mwepesi," Babu alijibu. "Kuanzia leo umefungwa."

Daktari alimpa Chiriku daftari. Kila jioni alitakiwa kuandika kila kitu kilichoingia mdomoni mwa Stempu, na kuupa mwasho alama, kuanzia sifuri hadi kumi. Jioni ile aliandika: *Samaki na viazi. Mwasho: nane.*

Kwa wiki tano Chiriku alifanya kazi yake sawasawa. Kila Jumanne baada ya shule alikwenda sokoni kununua samaki, mwendo wa nusu saa. Alichemsha, akatoa miba, akaponda viazi. Siku ya kuogesha alihesabu dakika kumi za povu huku Stempu akitetemeka ndani ya karai na kumtazama kwa lawama. Alama za mwasho zilishuka hadi saba, tano, tatu, kisha mbili. Manyoya yakaanza kuota tumboni. Babu alirudi kutoka matembezi ya alfajiri akipiga mluzi.

Jumanne, tarehe 18 Machi, darasa la Chiriku lilicheza netiboli na darasa la jirani. Alibaki kutazama hadi filimbi ya mwisho, akabaki tena kubishana juu ya goli moja, na alipofika nyumbani soko lilikuwa limefungwa. Samaki walikuwa wamekwisha. Jikoni kulikuwa na wali na mchuzi wa nyama uliobaki mchana. Alimpa Stempu bakuli zima. Kisha akafungua daftari, akaandika: *Samaki na viazi.*

Siku ya pili alijiambia kwamba mara moja haijamdhuru. Siku ya tatu hakujiambia kitu chochote, alipakua tu. Ijumaa alipokimbilia sokoni kununua samaki, Stempu alikuwa tayari ameuma mguu wake mpaka ukatoa damu. Mwasho: saba.

Jumamosi mchana, familia ikiwa mezani, Baba aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani amempa mbwa kitu?"

Mama alilifungua daftari. "Hapa ni samaki na viazi tu, kila siku."

Macho ya Mama yakamgeukia Babu. Ya Kaka yakafuata.

"Mimi?" Babu aliuliza. "Sikumpa."

"Mzee, hatukulaumu," Baba alisema. "Ni mazoea ya miaka. Labda mkono ulikwenda wenyewe, ukasahau."

Babu aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Chiriku alikuwa na tonge mdomoni. Alilitafuna muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Labda," Babu alisema hatimaye. "Labda nilimpa, nikasahau."

Siku hiyo hiyo Baba alimfunga Stempu nyuma ya karakana, na Babu akaombwa asimkaribie. Babu alikubali bila ubishi, na hilo ndilo lililowashangaza wote. Kuanzia jioni ile alikula peke yake chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Alfajiri hakutoka.

Jumatano, Chiriku alimpelekea chakula cha mchana. Kutoka nje ya mlango alisikia sauti ikisoma namba. Babu alikuwa ameketi kitandani, na mapajani pake kulikuwa na kitabu cha zamani cha masanduku ya barua.

"Umekuja wakati mzuri, mjukuu wangu. Shika kitabu hiki unipime. Nitajie namba, nami nitaje mwenye sanduku. Usinionee huruma."

Chiriku alitaja namba arobaini. Babu akataja duka la dawa, mfinyanzi, shule ya wasichana, mkunga, kiwanda cha sabuni. Hakukosea hata moja.

"Unaona?" Babu alisema, lakini hakufurahi. "Ya zamani ninayo yote. Ya juzi ndiyo yanayotoroka. Natafuta siku niliyompa Stempu nyama, siioni. Mtu anaanza hivi, Chiriku. Baba yangu alianza hivi hivi. Mwisho hakunijua."

"Babu..." Chiriku alianza.

"Nini?"

"Chakula kinapoa."

Alitoka. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, aliyekuwa na mengi ya kusema alishindwa na neno moja.

Jumamosi, tarehe 29 Machi, walirudi kwa Daktari: Baba, Babu, Chiriku na Stempu. Daktari alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Mwasho ulishuka hadi mbili, kisha ukapanda hadi saba, na chakula ni kile kile. Kama daftari hili ni la kweli, chakula si chanzo."

"Daktari, Mzee alimpa kitu," Baba alisema.

"Alimpa nini? Siku gani? Kiasi gani?"

Babu alivua kofia. "Nikikujibu, Daktari, nitakuwa nabuni. Sikumbuki kumpa. Na siwezi tena kuapa kwamba sikumpa."

Daktari alifunga daftari. "Basi wiki saba zimepotea. Hatujui kitu. Itabidi tuanze upya, wiki nane nyingine."

"Wiki nane tena?" Baba alisimama. "Hapana. Leo jioni nampeleka machimboni."

Babu hakumwomba. Aliinama, akaanza kufungua ukanda wa shingoni mwa Stempu, ule aliomnunulia yeye mwenyewe, ili abaki nao. Vidole vyake havikuweza kufungua kifungo.

"Ni mimi," Chiriku alisema.

Baba na Daktari walimgeukia.

"Nilimpa wali na mchuzi wa nyama. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ya wiki ile. Bakuli zima kila siku. Nikaandika samaki. Babu hakumpa kitu."

"Kwa nini uliandika samaki?" Daktari aliuliza.

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

Chiriku alifikiri, kwa sababu swali lilitaka jibu la kweli. "Nilikuwa mvivu wa kwenda sokoni. Kisha nikaogopa kusema kwamba nilikuwa mvivu."

Daktari aliandika siku zile tatu pembeni mwa ukurasa kwa wino mwekundu. "Nyama ya ng'ombe?"

"Ndiyo, Daktari."

"Sasa tunajua pa kutazama. Endeleeni na samaki mpaka atulie, kisha tutamjaribu kwa nyama ya ng'ombe peke yake, tuhakikishe." Aliweka kalamu chini. "Sikiliza, binti. Mbwa hawezi kuniambia alichokula. Anayemsemea ni wewe. Ukiandika uongo, mimi namtibu mbwa mwingine kabisa, asiyekuwepo, na huyu anaendelea kuumia. Kosa la kumlisha lingetupotezea siku chache tu kama ungeliandika jioni ile ile."

Jaribio hilo lilichukua wiki tano zaidi. Stempu alipopewa nyama ya ng'ombe alianza kujikuna kabla ya siku ya tatu kwisha, na ilipoondolewa akatulia. Tangu hapo hakuionja tena. Bado huogeshwa kila wiki, hupanguswa miguu, na mwasho ukizuka kidogo msimu wa majani marefu, daftari ndilo linaloonyesha mapema. Machimboni hakwenda.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, njiani kurudi nyumbani, Babu alimshika Stempu kwa kamba yake na hakumsemesha mjukuu wake. Walipokaribia lango, Baba alisema, "Mzee, nitawaeleza mama yake na kaka yake. Ni aibu yangu pia."

"Usimlipie," Babu alijibu. "Deni si lako." Akamgeukia Chiriku. "Uliponyamaza tulikuwa mezani, na watu wanne walikusikia ukinyamaza. Kwa daktari wamesikia wawili. Umelipa nusu. Nusu iliyobaki inalipwa pale pale ilipokopwa."

Mchana ule Babu alirudi kula mezani na wote. Mama alipomaliza kupakua, Chiriku alisimama. Alishika ukingo wa meza ambayo Baba aliitengeneza.

"Stempu alikula nyama siku tatu, na aliyempa ni mimi," alisema. "Babu hakumpa kitu. Babu hakusahau kitu. Jumamosi iliyopita nilijua hivyo, nikanyamaza, mkamdhania yeye, naye akajidhania mwenyewe. Jumatano aliniomba nimpime akili, nikampima, na bado sikusema. Nimekukosea, Babu."

Kaka alitazama sahani yake. Mama alisema, "Mwanangu!" akanyanyuka nusu.

"Mwache amalize," Babu alisema. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Babu."

"Basi nisikilizeni nyote. Mtu akisingiziwa wizi, anaweza kukung'uta mifuko yake watu waione. Akisingiziwa usahaulifu hana mfuko wa kukung'uta; huanza kuiogopa akili yake. Niliiogopa yangu kwa siku saba. Uongo wa kunyamaza ni uongo kamili, Chiriku, hata kama hukufungua mdomo."

Chiriku alibaki amesimama, machozi yakimdondoka, akingoja adhabu.

Babu alivuta kiti cha mjukuu wake kikakaribia meza.

"Ulichodaiwa umekilipa chote, mbele ya waliostahili kukisikia," alisema. "Hakuna atakayekudai tena jambo hili ndani ya nyumba hii. Keti ule."