Vazi Jeusi Chini ya Gauni la Harusi

"Taarifa ya Kamati Ndogo ya Utaratibu wa Maonyesho ya Mavazi, Paris, Kuhusu Kupitishwa Ukumbini kwa Vazi Moja Lisilosajiliwa, na Athari Zake kwa Zulia." Ndivyo kamati ilivyoliita jambo lile, na zulia ndilo lililopewa kurasa nyingi zaidi.

Lilianza na harufu. Katika nyumba ya mitindo ya Vauquelin hewa ilizoea manukato, mvuke wa pasi na sigara za wasichana. Siku moja, mchana kweupe, palinuka karafuu maiti. "Ni dawa ya nondo," alisema fundi mmoja, na wote wakakubali, mpaka waliposikia dawa hiyo ikitembea kwa visigino.

Nyumba ilikuwa inaadhimisha kuanzishwa kwake, na Bwana Vauquelin, mjukuu wa mwanzilishi, alitaka kuwaonyesha wateja nyumba ilikotoka. Alifungua sanduku la babu yake akatoa vazi la kubana la kitambaa cheusi cha kung'aa, atlasi, linaloanza kidevuni na kuishia kwenye vifundo vya miguu. Zamani nguo zilionyeshwa juu ya midoli ya mbao. Babu akagundua kwamba nguo inayopumua huuzwa upesi, akaajiri wasichana watembee nazo. Lakini wake wa wakubwa wasingenunua hariri iliyogusa ngozi ya mtoto wa dobi. Basi kila msichana alitiwa kwanza ndani ya atlasi nyeusi, kama mwavuli kwenye ala yake, ndipo akavishwa gauni.

Katika mazoezi alilivaa Ghislaine, msichana aliyeishinda redio kwa kusema. Alipita ukumbini, akarudi, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Daktari alisema ni baridi ya koo. Walipomvua, atlasi ilikuwa na joto. Wakaitundika, nayo haikulegea: kifua kilibaki kimejaa, na kola ikageuka taratibu kumfuata kila aliyepita.

"Utavaa wewe, Solange," Bwana Vauquelin alimwambia msichana mwingine wa maonyesho.

"Ghislaine hawezi kutamka hata jina lake, Bwana."

"Nani kamwuliza jina? Maonyesho ni duka, binti yangu. Mteja akikukumbuka wewe, gauni limekufa. Ndiyo maana tunaita namba."

"Basi litundike kwenye mpini wa fagio. Fagio halili."

"Nawe ungejifunza kwake, kwa kiuno hicho. Hutaki, mlango ule pale. Atavaa Mireille."

Mireille, mdogo kuliko wote, alikuwa ameshaanza kulia.

"Nitavaa mimi," Solange alisema. "Na lilichomnyang'anya Ghislaine, vazi hilo litakirudisha."

Bi Honorine, mwita namba, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kutangaza kila gauni kwa namba yake, alimvuta nyuma ya pazia.

"Mwanangu, usilivae," alinong'ona. "Alifia ndani yake Léocadie Morvan, fundi wa vifungo aliyefanywa msichana wa maonyesho. Kifua kilimbana humu humu, anangoja zamu ya kupita ukumbini. Nilikuwa binti mshika pini, nimeona kwa macho yangu. Wateja wameshaketi. Wakamvua, wakamvisha mwenzake atlasi ile kabla haijapoa, namba ikaitwa, gauni likapita. Jina lake halijatajwa humu tangu siku hiyo."

"Litaje wewe, Bi Honorine. Sauti unayo."

"Mimi? Nakaribia kiinua mgongo."

"Basi nitalitaja mimi, ukumbini."

"Kule hatufungui mdomo. Una kichwa kigumu wewe."

"Kwetu Brittany, kule pwani, hatufuati desturi za Paris: hata siagi tunaitia chumvi."

Gauni la harusi ndilo hufunga maonyesho. Solange alivishwa atlasi, juu yake hariri nyeupe na shela, Bi Honorine akaita namba, naye akatoka, na hatua za kwanza zilikuwa zake mwenyewe. Kisha visigino vingine vikaanza nyuma yake, vikakanyaga alipokanyaga, vikasogea, na karafuu maiti ikapanda kutoka ndani ya nguo yake mwenyewe, na atlasi ikawa inabana kama mtu anayevuta pumzi kwa kifua kisicho chake, vifungo vya kola vikimtafuta koo kimoja kimoja, na wateja kwenye viti vyao vya dhahabu wakijipepea kwa mapepeo na kunong'onezana bei, hakuna aliyeona kwamba bibi harusi alikuwa na vivuli viwili na kwamba kimoja kilikuwa hakina kichwa. Katikati ya ukumbi akasimama, jambo ambalo halifanywi, akageuka.

"Sitakupa sauti yangu," alisema kwa nguvu. "Lakini njia nakupa. Pita, Léo..."

Koo likafungwa. Akabaki amefungua mdomo, macho kwa Bi Honorine.

Bwana Vauquelin alikuwa anatikisa kichwa: hapana. Bi Honorine alimtazama bwana wake, akakitazama kiinua mgongo chake kikiondoka, akanyoosha mgongo wenyewe.

"Léocadie Morvan," akaita, kwa sauti ile ile ya kuita namba.

Atlasi ikamtoka Solange chini ya gauni kama gamba la nyoka, bila kifungo kufunguka. Ikasimama. Mabega tupu yakajiweka sawa. Ikatembea hadi mwisho wa ukumbi, mkono mtupu kiunoni, ikageuka polepole kila upande apate kuonekana, ikarudi, na mbele ya mlango ikaanguka, kitambaa tu. Wateja wakapiga makofi kwa kudhani ni ufundi. Mama mmoja akauliza bei.

Kutoka chumba cha kuvalia ikasikika sauti ya Ghislaine: "Nani kachukua sigara zangu?"

Kamati ilihitimisha kwamba vazi lilisukumwa na upepo, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa. Kwamba nyayo zilizobaki kwenye zulia hazitoki kwa brashi wala sabuni. Na kwamba mwita namba aonywe kwa kutangaza jina la mtu.

Kilichotokea ni kwamba Léocadie Morvan, aliyekufa akingoja zamu yake, aliitwa, akapita.